CHUO CHA UFUNDI NI JAMBO LA CHAMA

(Haya ni mazungumzo yaliyosomwa kwa niaba ya Kamati ya Elimu mbele ya wanachama na wafanya kazi wa Langoni, Lamu. Tunayachapa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuwahi kufika.)



Tumeitwa hapa tuseme juu ya vyuo vya ufundi, yaani vyuo vinavyofundisha kazi za migodi, za mitambo, za umeme, za kuchomelea chuma na nyingine zinazokwenda pamoja na hizo. Huenda yuko atakayeuliza: Chama cha wafanya kazi na chuo, wapi na wapi? Chuo ni kazi ya Serikali na walimu, na chama kazi yake ni mshahara. Jawabu letu ni fupi. Cheti cha ufundi ni mshahara. Mtu akikosa cheti amekosa mshahara, na jambo la mshahara ni jambo la chama. Tutalieleza hilo kwa mambo yanayojulikana, kisha tutasema tunataka nini.

KAZI IPO, DARAJA HALIPO

Tuanze hapa kwetu. Kila siku mawe ya kujengea yanashushwa pwani kutoka vyomboni, punda wanayachukua vichochoroni, na waashi wanayangoja. Mengi ya mawe hayo hukatwa Maweni, kisiwani Manda, ng'ambo ya mkondo. Wanaoyakata hutumia mtaimbo, sururu, nyundo na nguvu za migongo yao. Hiyo ni kazi ya mgodi, ijapokuwa ni nadra kuisikia ikiitwa hivyo. Mkata mawe aliyekaa Maweni miaka kumi anajua jiwe lipi litapasuka vizuri na lipi litavunjika ovyo, anajua aanzie wapi na aache wapi ili ukuta wa shimo usimwangukie. Ujuzi huo haukutoka katika kitabu. Lakini siku atakapokwenda kutafuta kazi ya mshahara, jina lake litaandikwa katika orodha ya vibarua.

Hivyo hivyo ndivyo alivyo kijana wa Langoni anayefungua mashine ya boti na kuifunga tena ikanguruma, na fundi wa Matondoni anayeunda jahazi bila ya karatasi yenye ramani. Hivyo ndivyo alivyo mwashi aliyejifunza kwa baba yake. Wazee walisema, mwana wa mhunzi asiposana, huvukuta. Watoto wetu wamesana na wamevukuta. Lililokosekana si ufundi, ni ushahidi wa ufundi.

Na ushahidi huo una bei yake. Amri za mishahara ya chini zinazotolewa na Serikali ya Kenya huwapanga mafundi katika mafungu manne: fundi asiye na daraja, kisha fundi wa daraja la 3, la 2 na la 1. Kila fungu lina mshahara wake wa chini, na kila daraja likipanda mshahara nao hupanda. Chini ya wote hao yuko kibarua wa kawaida. Basi mafundi wawili wanaweza kusimama juu ya jukwaa moja, wakishika mwiko mmoja mmoja, wakijenga ukuta mmoja, na jioni sheria ikampa mmoja haki ya mshahara mkubwa kuliko mwenziwe, kwa kuwa mmoja ana gredi na mwenziwe hana. Tajiri hakuvunja sheria hapo. Ameitumia tu kama ilivyo. Wako miongoni mwetu waliochomelea chuma na kufunga nyaya za umeme mwaka mzima huku wakilipwa kama wasaidizi, na walipouliza waliambiwa, "Leta cheti."

Mtihani wa daraja hizo husimamiwa na Mamlaka ya Taifa ya Mafunzo ya Viwandani, ambayo wengi wetu tunaijua kwa jina la NITA, iliyowekwa kwa sheria mwaka 2011. Ni mtihani wa mikono: mtu hupewa kazi akaifanya mbele ya mtahini. Aliyejifunza kazini anaweza kuufanya sawasawa na aliyesoma chuoni. Mlango basi upo. Lakini moja ya karakana za Mamlaka hiyo iliyo ya mwambao iko Mombasa, na kutoka hapa mpaka Mombasa ni boti mpaka Mokowe, kisha basi zaidi ya kilomita 300, na kulala ugenini, na kukosa kazi siku hizo zote. Kwa mtu anayelipwa kwa kila jiwe alilokata, mlango huo ni kama umefungwa.

MFANO WA MOMBASA

Wazee waliopo hapa wanaikumbuka MIOME. Jina lake kamili lilikuwa Mombasa Institute of Muslim Education. Fikira ya kukijenga chuo hicho ilizaliwa katika miaka ya 1940, na fedha zilitoka mahali pengi: Sultani wa Zanzibar alitoa, Aga Khan alitoa, jamaa wa Kibohora walitoa, na Serikali ya Waingereza nayo ikatoa. Wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka 1951. Wakati ule mwambao huu, Lamu ikiwemo, ulikuwa ungali nchi ya Sultani iliyotawaliwa na Waingereza, na mambo yakakaa hivyo mpaka Desemba 1963. Chuo kilijengwa Tudor, Mombasa, kiwape vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki elimu ya ufundi.

Mwaka 1966 kiligeuzwa kuwa Mombasa Technical Institute, chuo cha Wakenya wote. Mwaka 1972 kikawa Mombasa Polytechnic. Mwaka 2007 kikawa chuo kikuu kishiriki, na mwaka 2013 kikapata hati ya kuwa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Huo ni mwendo wa heshima, na kila mtu wa mwambao ana haki ya kuuonea fahari.

Lakini tuutazame kwa macho ya mfanya kazi. Chuo kimepanda, na mlango wake nao umepanda. Kijana anayetaka kusomea digrii ya uhandisi katika chuo kikuu cha Kenya hutakiwa awe amepata si chini ya C+ katika mtihani wa mwisho wa sekondari. Vivyo hivyo Voi kuna Chuo Kikuu cha Taita Taveta, kilichopata hati mwaka 2016, nacho kinafundisha uhandisi wa migodi. Kwa hivyo leo mwambao wetu unaweza kumtoa injinia wa migodi mwenye digrii yake, na mkata mawe wa Maweni bado hana hata daraja la 3. Ngazi imeongezwa vipago vya juu, na vya chini viko mbali na miguu ya watu.

Hatusemi kwamba mainjinia hawatakiwi. Tunawataka, na tunataka watoto wa Langoni wawe miongoni mwao. Tunasema kwamba injinia mmoja huhitaji mafundi wengi nyuma yake. Mahali penye mainjinia na vibarua tu, bila mafundi katikati, mafundi huletwa kutoka nje, na wenyeji hubaki kubeba.

BANDARI NA AHADI

Jambo hili lina haraka kwetu kuliko kwingine kwa sababu ya bandari. Mwezi Machi 2012 marais Mwai Kibaki wa Kenya na Salva Kiir wa Sudan Kusini, pamoja na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia, walifika hapa kuizindua kazi ya Bandari ya Lamu na njia zake. Gati la kwanza lilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021, na magati matatu ya kwanza yamekwisha kujengwa. Bandari si sementi peke yake. Kreni hutaka mwendeshaji, na kreni hiyo hiyo hutaka fundi wa mitambo, fundi wa umeme, fundi wa mafuta ya shinikizo na mchomeleaji. Jenereta hutaka mtu. Tagi hutaka makanika.

Wakati wa kujenga ilitolewa ahadi ya kuwasomesha vijana 1,000 wa Lamu katika kazi za bandari. Ahadi hiyo ilikuwa njema. Chama kinataka sasa isomwe kama hesabu inavyosomwa: wangapi wamesoma, wamesoma kazi gani, wamepata daraja gani, na wangapi wameshika kazi. Tunauliza kwa adabu, na tunataka jawabu lenye idadi.

Tumekwisha kuona pia kwamba ahadi ya kazi si kazi. Kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichokusudiwa Kwasasi kilizua maneno mengi mjini; wengine walikiogopa kwa ajili ya bahari na afya, wengine walikitumaini kwa ajili ya ajira. Mwezi Juni 2019 baraza la kusikiliza mashauri ya mazingira likaifuta leseni yake. Aliyekuwa akingoja kiwanda kile kimpe ufundi alirudi mikono mitupu. Lakini aliyekuwa tayari ni fundi hakupoteza kitu, kwani ufundi wake haukuandikwa katika leseni ya mtu mwingine.

MGODI HUISHA, FUNDI HUBAKI

Na hapo ndipo penye siri ya vyuo vya kazi za migodi. Watu hudhani chuo cha namna hiyo kinafundisha kuchimba. Ukweli ni kwamba mgodi mkubwa wa siku hizi una mafundi wa namna zile zile tulizozitaja kwa bandari: wa mitambo mizito, wa pampu, wa umeme, wa kuchomelea, wa kuchonga vyuma kwa mashine. Jirani zetu wa Kwale waliona. Kampuni ya Base Titanium ilisafirisha shehena yake ya kwanza ya mchanga wa madini kupitia Likoni mwaka 2014, na mwezi Desemba 2024 uchimbaji ukamalizika kwa kuwa madini yaliyofaa yalikwisha. Miaka kumi na kidogo, basi. Mchanga umekwenda na meli. Aliyekuwa na kazi ya kibarua mgodini, kazi yake ilikwisha pamoja na mgodi. Aliyetoka na cheti cha fundi wa mitambo anaweza kukipeleka bandarini, kiwanda cha saruji, kiwanda cha sukari, au ng'ambo. Kwa hiyo mfanya kazi anayeingia mgodini au bandarini aulize mambo mawili siku ya kwanza: nitalipwa nini, na nitatoka hapa nikiwa nani?

Huko Tanzania liko jambo la kujifunza. Katika chuo cha VETA mjini Moshi kampuni za migodi na Mamlaka ya Ufundi walikubaliana kuwafunza mafundi wa migodi kwa pamoja. Mwanagenzi hukaa chuoni kwa muda akasoma na kufanya mazoezi ya karakana, kisha hupelekwa mgodini akafanya kazi chini ya fundi aliyebobea, kisha hurudi chuoni, na mambo huendelea hivyo mpaka amalize. Sasa angalieni: Moshi haina mgodi wa dhahabu. Iko chini ya Mlima Kilimanjaro, na dhahabu ya Geita iko mbali sana, karibu na Ziwa Viktoria. Chuo hakikuwekwa juu ya dhahabu. Lililofanya kazi iende ni mapatano kati ya chuo na wenye migodi: kampuni inajua inangoja nani, na mwanafunzi anajua anakwenda wapi.

Kwa sababu hiyo Kamati haikuja hapa kudai jengo. Jengo ni rahisi kuahidi na rahisi kupigia picha. Jengo bila mashine ni ghala, na mashine bila mwalimu ni kutu, hasa katika hewa yetu hii ya chumvi. Tunachodai ni nafasi za uanagenzi zilizoandikwa kwa mkataba, na mtihani wa daraja uwafikie watu.

SHILINGI HAMSINI

Mtaambiwa fedha hazipo. Basi lijueni hili. Kwa sheria ya mafunzo ya viwandani, tajiri hutakiwa kulipa kodi ya mafunzo, ambayo kwa agizo la mwaka 2007 iliwekwa shilingi 50 kwa kila mfanya kazi kwa kila mwezi. Kwa mwaka ni shilingi 600 kwa kichwa kimoja. Fedha hizo hutoka katika mfuko wa tajiri; si halali kuzikata katika mshahara wa mfanya kazi. Na tajiri anayewapeleka watu wake kwenye mafunzo yaliyokubaliwa anaweza kuomba arudishiwe gharama kutoka katika mfuko huo huo. Kwa hiyo tajiri anayesema, "Sina fedha za kukufundisheni," huenda fedha amekwisha kuzitoa, na zinangoja mtu wa kuziomba. Mwanachama aitazame hati yake ya mshahara. Akiona amekatwa kodi hiyo, ailete hati ofisini.

Tena, Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inamtaka mwenye leseni ya kuchimba apeleke Serikalini mpango wa kuwaajiri na kuwafunza raia. Na kwa Katiba ya mwaka 2010 vyuo vya ufundi vya vijijini viko mikononi mwa kaunti. Kwa hivyo kuna milango mitatu ya kubisha: tajiri, Serikali kuu na kaunti. Tusikubali kila mmoja atuelekeze kwa mwenziwe.

MASWALI TUNAYOYASIKIA

Wako wazee wasemao: Kijana akipata cheti atahama, atakwenda Mombasa au Arabuni, na Langoni itabaki na wazee na punda. Tunaiheshimu hofu hiyo. Lakini vijana wanahama hata sasa. Anayehama bila daraja hufika huko akalala chumba cha watu wengi na kuleta nyumbani kidogo. Anayehama na daraja hulipwa kama fundi, na akirudi anaweza kufungua karakana yake akawafunza wengine. Kuhama hatutakuzuia kwa kuwanyima watoto ufundi.

Matajiri nao husema: Tukimfundisha ataondoka kwa mwenye kulipa zaidi. Jawabu ni mkataba wa uanagenzi, ambao sheria ya mafunzo inautambua. Mkataba hutaja miaka, kazi itakayofundishwa, posho, na haki ya kila upande. Kijana hufungika, na tajiri naye hufungika. Bila mkataba, "mwanagenzi" ni jina zuri la kibarua wa bei rahisi, na sisi tumeona vijana wakifagia karakana miaka miwili wakiitwa wanafunzi.

Wengine huuliza juu ya mabinti. Kazi ya umeme, ya kuchora ramani, ya kuendesha kreni na ya kupima mashine haijui kanzu wala buibui. Orodha yetu itaandika jina la kila atakaye.

TUNAYOYATAKA

Chama hakikuzaliwa kuomba hisani. Mwaka 1955 wafanya kazi wa gatini Mombasa waligoma, marehemu Tom Mboya akawasaidia kuiweka kesi yao mbele ya msuluhishi, na wakapata nyongeza ya mshahara ya thuluthi moja. Hawakuipata kwa kunung'unika vibarazani. Waliipata kwa kuwa madai yao yalikuwa na idadi na watu walisimama pamoja. Nasi tuyapange yetu hivyo hivyo:

1. Mtahini wa ufundi aje Lamu kwa vipindi vinavyojulikana, ili waashi, wakata mawe, makanika wa boti, maseremala na wachomeleaji wafanyiwe mtihani hapa hapa, na gharama yake isimshinde mtu wa kipato cha kila siku.

2. Kila mapatano ya mishahara ambayo chama kitatia sahihi yawe na kifungu cha mafunzo: idadi ya wanagenzi kila mwaka, na kupandishwa mshahara kwa anayepata daraja, bila kungoja mapatano mengine.

3. Hesabu ya wale vijana 1,000 itangazwe.

4. Vyuo vya kaunti vifundishe kazi zinazohitajiwa bandarini na mawe yanakokatwa, na wanafunzi wapelekwe huko kwa mazoezi yenye mkataba na bima ya kuumia kazini.

5. Wakata mawe wa Maweni wahesabiwe kuwa ni wafanya kazi wa mgodi, na mafunzo yao ya kwanza yawe juu ya usalama: vumbi, kuta za mashimo, na dawa ya huduma ya kwanza. Mtu aliyepondwa mguu hatafaidika na cheti.

Hayo ni matano. Kwa upande wetu sisi wafanya kazi, kuna la kufanya ambalo halingoji mtu. Tuandikishane. Kila fundi alete ofisini jina lake, kazi anayoijua, miaka aliyoifanya, na jina la aliyemfundisha. Asiyeweza kuandika aje aseme, ataandikiwa. Waliokwisha kupata gredi wajitolee jioni kuwaonyesha wenzao maswali ya mtihani yalivyo, jinsi ya kusoma vipimo, na jinsi ya kufanya hesabu ya saruji na mchanga kwa karatasi. Wengi wetu tunaijua hesabu hiyo kwa jicho. Mtahini ataitaka kwa kalamu.

Orodha hiyo ndiyo tutakayokwenda nayo mbele ya matajiri na maafisa. Tukienda mikono mitupu tukasema, "Tuna mafundi wengi," watacheka. Tukienda na majina, kila jina na kazi yake na miaka yake, itabidi wajibu. Daftari limefunguliwa, liko juu ya meza pale mlangoni. Tunawaomba msitoke kabla ya kuliandika jina.

Umoja ni nguvu.